Ishirini na Moja Kati ya Ishirini na Saba

Barua ilikuwa na mistari sita na mhuri wa zambarau, na Mzee Kilo aliisoma kama anavyosoma kila kitu: alitafuta namba kwanza. Namba ilikuwa chini kabisa, karibu na mahali pa kuweka sahihi ya mzazi. 21/27.

"Hii ishirini na moja ni yako?" alimwuliza binti yake.

"Ni yangu, baba."

"Kati ya ishirini na saba?"

"Ndiyo."

Akaishusha karatasi, akamtazama mtoto kana kwamba hajamwona tangu siku ya mazishi ya mama yake. Na kweli, alikuwa hajamtazama. Miezi kumi na minne nyumba ile ya vyumba viwili ilikuwa na watu wawili wa kupishana mlangoni, mmoja anatoka kwenda kazini, mwingine anaingia na ndoo. Binti alikuwa na miaka kumi na tano. Alipika, akafua, akaenda shule, akirudi analala chali akihesabu misumari ya bati. Baba alikuwa ameshahukumu moyoni kwamba amezaa mvivu. Sasa mvivu kaleta ishirini na moja.

"Uliwapita wangapi?"

Binti alifikiri kidogo. "Karibu wote, baba."

Hakusema uongo. Shuleni walikuwa wamepewa maswali tisa. Katika wiki mbili zilizopita, mara ngapi umekosa usingizi? Mara ngapi umejiona hufai? Mara ngapi umekosa hamu ya kula? Kila swali jibu lake ni sifuri mpaka tatu, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mtoto anavyozama. Aliyepata chache alirudi darasani. Aliyepata nyingi alipewa barua.

Lakini barua haikusema hivyo. Ilisema, "Tunafurahi kukujulisha kuwa binti yako amepata alama 21 kati ya 27 na amechaguliwa kujiunga na Kikundi cha Ustawi wa Mabinti, kila Alhamisi saa tisa alasiri, kwa wiki kumi na mbili." Wakubwa wa mradi ulioleta maswali hayo shuleni walikaa siku mbili ukumbini, na maji ya chupa mbele yao, wakibishana neno gani liandikwe. Walihofu wazazi watasema mabinti wao wameitwa wendawazimu. Kwa hiyo walilitoa neno ugonjwa. Kisha wakalitoa neno huzuni. Mwisho ikabaki namba, na namba iliyoachwa peke yake hujitafutia maana kwa yeyote itakayemkuta.

Mzee Kilo alichukua kalamu, akaandika jina lake taratibu, herufi moja moja, kama mtu anayepanga matofali.

Kazini kwake, yadi ya vyuma chakavu, alikuwa mpimaji. Rimu, nyaya, mageti, vitanda, injini zilizokufa, vyote vilipanda kwenye sahani ya mizani yake na yeye ndiye aliyetamka neno la mwisho. Wauzaji walilalamika, wakaapa, wakamwita mjomba. Yeye aliwajibu jambo moja tu kwa miaka kumi na tisa: "Mizani haina mjomba." Ndiyo maana wakamwita Mzee Kilo.

Asubuhi iliyofuata alipima mzigo wa kwanza, akatoa barua mfukoni.

"Ishirini na moja kati ya ishirini na saba," alisema. "Wamemchagua."

Mkata vyuma akapandisha miwani yake ya kazi juu ya paji la uso. "Nani, binti yako yule asiyesalimia?"

"Alikuwa anafikiri. Wenye akili hawasalimii ovyo."

"Basi mimi nina akili mpaka zimemwagika, maana kuna watu sijawasalimia tangu mwaka juzi." Vijana wa kupakia wakacheka. Mkata vyuma akaisoma barua, akatikisa kichwa. "Mzee Kilo, akili hizi kazitoa wapi? Wewe darasa la nne si ulilikimbia kama linakudai?"

"Za mama yake," akasema Mzee Kilo.

Hata tajiri mwenye yadi alitoka ofisini akampa mkono. "Hongera, mzee. Kumbe kwako hakuna chakavu."

Jioni hiyo Mzee Kilo alirudi na miguu minne ya chuma ya dawati la shule, aliyoiomba yadini ikachomelewa upya, na ubao juu yake. Akaliweka chini ya dirisha. Barua akaibandika ukutani juu yake kwa gundi ya kuzibia mipira, ili isibanduke.

"Msomi hasomei kitandani," alisema. "Na kuanzia Jumamosi maji nachota mimi."

Binti alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Alikuwa amejipanga kumweleza baba maana ya ile namba. Maneno alikuwa nayo tayari, ameyafanyia mazoezi njia nzima. Lakini baba alikuwa anapangusa ubao kwa mkono wa shati lake, anatabasamu peke yake. Binti akameza maneno, akarudi jikoni.

Alhamisi walikutana mabinti wanane, chumba cha nyuma cha zahanati kilichokuwa stoo ya vyandarua. Walikaa mkekani, mduara. Dada mshauri alikuwa mtu wa mtaa uleule, aliyefunzwa siku kumi kisha akakabidhiwa mioyo minane na daftari moja. Aliwaambia sheria ni mbili: ya humu yanabaki humu, na mwenzako akisema, usimkatize.

Ya pili ilikuwa ngumu kwa Kasuku. Binti huyu aliitwa hivyo kwa sababu hakufunga mdomo, na ilichukua wiki kadhaa watu kugundua kwamba maneno yake yote yalikuwa pazia.

"Mimi nina kumi na saba," Kasuku alisema siku ya kwanza. "Wewe mrefu, unazo ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Mama yangu! Basi wewe ndiye kiranja wetu."

"Baba yangu ameibandika ukutani," binti wa Mzee Kilo akasema. "Amenitengenezea na dawati."

Kisha Kasuku akaguna, akajiziba mdomo, akashindwa, na kicheko kikawapitia wote mpaka dada mshauri akageukia ukutani kufuta machozi. Binti naye alicheka. Alikuwa amesahau kwamba kicheko huumiza mbavu.

Alhamisi ya nne alisimulia habari ya cherehani. Mama yake alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikuwa imekatika mkono. Wiki tatu baada ya mazishi baba aliibeba begani kwenda nayo kazini.

"Jioni akarudi akaniambia, 'Kilo kumi na nne, si haba.' Akaketi kula." Binti alikuwa anavuta uzi wa mkeka. "Mimi nilikuwa nikilala kichwa changu kikiwa karibu na ile cherehani. Ilikuwa bado inanuka mafuta ya mama. Nikaona kama amempima yeye. Kampima, kamwacha kule."

Hakuna aliyemkatiza. Hata Kasuku. Kasuku akasogea, akaegemea bega lake, wakakaa hivyo mpaka saa ilipoisha. Usiku huo binti alilala usingizi wa moja kwa moja.

Wiki ya nane waliulizwa tena maswali yaleyale tisa. Dada mshauri alijumlisha mara mbili, akampa karatasi kwa mikono miwili kama anampa mtoto mchanga.

"Tisa," alisema. "Unaona? Tisa!"

Binti alikwenda nyumbani kwa miguu iliyosahau uzito. Alisugua sufuria huku akiimba kwa pua. Baba aliingia, akausikia ule wimbo, akafurahi.

"Kuna habari?"

"Tumepewa tena, baba." Akampa karatasi. Alikuwa amesahau. Kwa furaha, alisahau kabisa.

Mzee Kilo alitafuta namba. Akaiangalia, akaigeuza karatasi nyuma, hakukuwa na kitu, akaigeuza tena mbele.

"Tisa."

"Baba..."

"Kutoka ishirini na moja?"

"Baba, hizi zinasomwa kinyume."

"Kinyume!" Akacheka kicheko kikavu. "Miaka kumi na tisa nasoma mizani. Nionyeshe mizani moja duniani inayosomwa kinyume. Kuna mtu analeta kilo tisa akasema zimezidi ishirini na moja?"

"Hii inapima kitu kingine."

"Kitu gani? Haya, sema. Inapima nini?"

Binti alitazama barua ukutani. Akatazama dawati. Akiitaja huzuni, itabidi aseme ilikuwa ishirini na moja ndani ya nyumba hii, mbele ya macho ya mtu huyu, na kwamba ile hongera yote, ule mkono wa tajiri, yale maji ya Jumamosi, vilikuwa vya hiyo.

"Hakuna, baba."

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," Mzee Kilo akasema. "Nilikusifu mapema. Kosa langu." Akaenda kuketi nje bila kula.

Yadini mkata vyuma hakusahau. "Msomi wetu raundi hii kavuna ngapi?" akauliza kwa sauti, tajiri akiwa palepale.

"Bado hayajatoka."

"Ah! Mbona mpwa wangu yuko kwenye kikundi hicho na yake yametoka? Amepata kumi na sita."

Wapakiaji wakamtazama. Mzee Kilo akageukia mizani, akasoma uzito wa geti, akakosea kilo mbili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kumwona akikosea.

Mchana ule aliomba ruhusa akaenda zahanati. Alimkuta dada mshauri akifagia.

"Mwanangu ameshuka. Mmemfanya nini?"

"Hajashuka, mzee wangu. Tisa ni nzuri sana."

"Nzuri kwa nani? Mpwa wa mkata vyuma ana kumi na sita."

Dada mshauri akaweka ufagio chini. Alitaka kusema. Midomo yake ilikuwa imeshafunguka. Lakini alikuwa ametia sahihi karatasi ya kutunza siri, kwa hiyo alimwomba mzee asubiri, akampigia simu mratibu mjini. Mzee Kilo alisikia sauti ya mratibu ikitoka kwenye simu, nyembamba, ya mtu aliye kivulini: "Usimweleze chochote. Ni siri ya mshiriki. Akitaka maelezo, aandike barua ya maombi."

"Siri," Mzee Kilo akasema. "Siri ya mtoto wangu, kwangu mimi niliyemzaa. Na barua niandike mimi, wa darasa la nne."

"Mzee, nakuomba tu, mwache aendelee kuja."

"Aje kufanya nini? Humu mnacheka mpaka barabarani mnasikika. Nilipita Alhamisi, nikasikia. Hakuna darasa la vicheko. Atabaki nyumbani asome mpaka alama zipande."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Waliofundisha watoto methali hiyo ndio haohao waliokaa ukumbini wakaficha, na aliyeumbuliwa si wao.

Alhamisi ya kwanza binti aliketi dawatini, kitabu kikiwa wazi ukurasa mmoja. Alhamisi ya pili Kasuku alikuja kupiga hodi, Mzee Kilo akamwambia mwenzake anasoma. Ya tatu hakuja mtu. Wimbo ulikwisha. Chakula kilipikwa, kikapakuliwa, upande wa binti kikarudi sufuriani kama kilivyotoka. Alfajiri baba alimkuta macho makavu, ameketi mbele ya lile dirisha, akadhani amedamka kusoma.

"Hivyo ndivyo," alimwambia. "Sasa namwona yule wa mwanzo."

"Ndiyo, baba."

Wiki ya kumi na mbili akaja karani wa mradi na kishikwambi. Ofisi ilitaka namba za mabinti wote, hata walioacha, ili hesabu itimie. Siku ile karani alikuwa na nyumba kumi na nne za kupitia, na mkataba wake ulikuwa unaisha jioni ileile. Akamwomba baba atoke nje, kwa ajili ya siri. Mzee Kilo akatoka, akasimama ukutani akiomba dua mtoto asikosee.

Binti alijibu maswali yote tisa bila kusita. Swali la tisa ni lile linalouliza mara ngapi umewaza kuwa ni heri ungekuwa umekufa. Karani aliliona jibu. Kidole chake kilitulia kidogo hewani. Akabonyeza kisanduku chekundu kilichoandikwa "Fuatilia", akaandika nakala ya mzazi, akaaga. Kisanduku chekundu kikasafiri mpaka mjini, na mjini ofisi ilikuwa inafunga vitu kwenye maboksi.

Mzee Kilo alipokea karatasi. Safari hii kulikuwa na namba nyingi, moja kwa kila swali, lakini yeye alikwenda chini kwenye jumla.

24/27.

Alimshika binti yake kichwa kwa mikono yote miwili, mikono yenye kutu, akambusu utosini. Hakuwahi kufanya hivyo tangu binti akiwa mtoto wa kubebwa.

Kesho yake mkata vyuma alimwona anakuja akapaza sauti, "Leo mzee anatembea kama ana chemchemi za kitanda miguuni!"

"Ishirini na nne!" Mzee Kilo akaitandaza karatasi juu ya sahani ya mizani, mbele ya kila mtu. "Mwambie mpwa wako aje achukue masomo ya ziada."

Asubuhi ile zahanati ilikuwa imeleta vitanda vyake vya zamani kuviuza, na muuguzi mmoja mtu mzima, mwenye sweta ya bluu, alikuwa ameandamana na gari kusimamia vipimo. Aliinama kusoma namba za kitanda, akaisoma ile karatasi. Akaisoma tena, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Hii ya nani, baba?"

"Ya binti yangu, mama. Wa kwanza wa kikundi kizima."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani. Leo hakuna shule."

"Na nani?"

"Peke yake. Anapenda utulivu, yule."

Muuguzi alimshika mkono. "Nisikilize. Huu si mtihani. Hiki ni kipimo cha huzuni, na namba ikipanda ndiyo inaua. Swali la tisa hapa ni kutaka kufa. Mtoto amejibu tatu, yaani karibu kila siku. Nenda nyumbani. Nenda sasa, nami nakuja nyuma yako."

Mkata vyuma akaizima mashine yake. Mzee Kilo alisimama akimtazama muuguzi, midomo inahesabu: tisa, ishirini na moja, ishirini na nne. Kisha akakimbia. Mtu wa miaka hamsini na saba, viatu vya kazini, akakimbia katikati ya barabara, watu wakimpisha wakidhani anamfukuza mwizi.

Mlango ulikuwa umerudishiwa. Binti alikuwa ameketi kwenye dawati, mikono mapajani, hafanyi chochote. Mzee Kilo akashika kizingiti, hewa haimtoshi.

"Ile ishirini na moja," alisema.

Binti akageuka. Akaelewa kwamba ameambiwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi, baba. Sijakuona hivyo tangu mama aondoke."

"Na hii ya sasa? Umesema kweli, au umeniandikia mimi?"

"Yale manane ya kwanza nilikuongezea," akasema. "La tisa sikuongeza."

Mzee Kilo akaketi chini, palepale kizingitini, mpaka muuguzi alipofika akalazimika kumruka ili aingie ndani.

Binti hakufa. Muuguzi alikuja kila siku kwa wiki mbili, kisha kila Ijumaa, kwa hiari yake, hakuna aliyemtuma. Mradi ulikuwa umefungwa. Mzee Kilo alikwenda mjini na karatasi zake tatu, ile ya ukutani akiwa ameikwangua kwa kisu, akakuta ofisi ile inapakwa rangi na mpangaji mpya. Mlinzi alimpa kijitabu cha taarifa kilichosahaulika dirishani, kina picha za mabinti wanaocheka, na kimeandikwa kwamba huzuni ilishuka kwa wastani wa nusu. Alimtafuta binti yake kwenye picha, hakumwona. Kwenye wastani labda yumo.

Kisha akamtafuta dada mshauri, akamkuta kibandani akiuza vocha za simu. Alimwomba akirudishe kikundi, hata mabinti watatu, hata nyumbani kwake, mikeka atatafuta.

"Wametawanyika, mzee wangu. Wawili wamehama. Kasuku ameolewa."

"Ameolewa? Si mtoto yule?"

Dada mshauri akageuka kupanga vocha zake.

"Basi nifundishe mimi," Mzee Kilo akasema. "Mlikuwa mnafanyaje?"

"Hakuna ujanja, mzee. Muulize, kisha nyamaza. Akisema, usimkatize. Hata akisema linalokuchoma, usimkatize."

Alikwenda njia nzima akilirudia hilo. Nyumbani alivuta stuli, akaketi karibu na binti yake aliyekuwa anachambua mchele, akapiga moyo konde, akauliza yuko vipi, kwa kweli, ndani. Akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu kuliko alivyowahi kunyamaza maishani mwake. Punje zilianguka kwenye ungo. Mwishowe binti akasema, bila kuinua uso:

"Baba, siku zile ulipokuwa ukinisifu, mimi nilikuwa..."

"Nilikusifu kwa sababu nakupenda!" yakamtoka Mzee Kilo. "Mimi ningejuaje, mwanangu? Hawakuniambia! Barua haikusema! Ningejuaje mimi?"

Binti akasubiri amalize.

"Ndiyo, baba," akasema. "Hukujua."

Akainuka na ungo wake, akaenda jikoni kubandika maji.